Ruhusa Mbili za Mpiga Picha wa Hatta

Habari ya msiba huu imenikuta nikitandika kitanda cha mgeni, katika hoteli ya hapa Al Mankhool, Dubai, ninakosimamia usafi wa vyumba. Simu ilitetemeka mfukoni nikaiacha, ikatetemeka tena, nikajua kuna jambo. Alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu, anayeuza manukato kule Deira, na sauti ilikuwa imemkauka. "Anti, Ami ametuacha," akasema. "Amefia nyumbani Mombasa, alfajiri. Wazika leo leo." Nilikaa juu ya kitanda kile kile nilichokwisha kukitandika, kosa ambalo ningemfokea msichana wangu yeyote wa kazi, nikalia mpaka mwenzangu mmoja Mfilipino akaja kunitafuta na kuniletea maji. Niliyekuwa namlilia hakuwa ndugu yangu. Sikuwahi kula kwake wala yeye kwangu, na katika miaka yote tuliyojuana hatukuwahi kuzungumza kwa simu zaidi ya kupeana salamu na kuulizana hali. Lakini nina mume aliye hapa pamoja nami kwa sababu yake. Kwa hiyo nyinyi wasomaji wangu mnaonifuata kila wiki mtaniwia radhi leo nikiziacha kodi za nyumba na vituko vya mabosi wetu, nimshukuru mtu huyu hadharani kama nilivyopaswa kumshukuru akiwa hai.

Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mfupi, mwenye kitambi cha mpenda wali, na kwa kazi alikuwa muuza vitambaa vya mabuibui katika duka moja la Al Muraqqabat. Kila mtu alimwita Ami, hata waliomzidi umri. Kamera ilikuwa mambo yake ya Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku wakati ule, wiki ya kazi ikianza Jumapili. Alianza kwa bahati tu: familia kadhaa za Hatta zilinunua kwake vitambaa vya mavazi ya kizamani, na aliyekuja kuvichagua akaona picha alizobandika nyuma ya kaunta, akamwambia nawe njoo na kamera yako. Hatta, kwa msiofika, ni mji mdogo milimani, mbali na haya maghorofa tunayosimama mbele yake tukipiga picha za kutuma nyumbani. Una mashamba ya mitende, una bwawa, na una nyumba za kale za mawe na udongo chini ya minara ya ulinzi. Kila majira ya baridi familia hizo zilikuwa zikikusanyika kwenye nyumba hizo kuigiza siku moja ya maisha ya babu zao. Wanaume hufunga mikanda ya risasi na majambia, wanawake huvaa barakoa za kale, wengine husaga ngano kwa mawe, wengine huchoma mikate, bibi harusi huletwa juu ya punda, na watu wa koo mbili hugombea zamu ya maji ya mfereji kisha hupatanishwa kwa kahawa. Si maonyesho ya kulipia. Ni watu wanaocheza babu zao kwa raha zao, na wageni hukaribishwa kutazama.

Namna yake ya kupiga picha, niliyoiona kila nilipokwenda Hatta kutazama, ilikuwa inamuudhi yeyote mwenye haraka, na mimi ni mwenye haraka tangu tumboni mwa mama. Alifika kamera ikiwa ndani ya mkoba na mkoba umefungwa zipu. Alizunguka kusalimia mmoja mmoja, akauliza mgonjwa wa nani amepona na binti wa nani amejifungua, akanywa kahawa mpaka akatikisa kikombe kuonyesha kwamba imemtosha, na jua lilikuwa limeshapanda sana ndipo kamera ikatoka. Hata ilipotoka aliishika chini, usawa wa kiuno, akamwonyesha mtu kwa macho, na mtu asipoitikia yeye alipita. Katikati ya mchezo hakumwambia mtu geuka huku wala cheka kidogo. Aliyekuwa akiigiza kufiwa aliachwa afiwe, na bibi harusi aliachwa aone haya yake kwa amani. Halafu, mchezo ulipokwisha na watu wamekaa kwenye mikeka na soda zao, yeye alianza upya: alimwendea kila aliyempiga, akamwonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera, akamuuliza mara ya pili kama anaridhia ibaki.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. "Ami, watu wamekualika wenyewe, na asubuhi umewaomba. Unaomba nini tena?"

"Asubuhi niliomba kwa babu yake, mamangu," akanijibu akifuta lenzi kwa pindo la shati. "Mtu akivaa nguo za babu yake hukubali kila kitu, sababu babu haogopi kamera. Akishavua, akavaa viatu vyake, akakumbuka kwamba Jumapili yuaenda ofisini, huyo ndiye mwenye uso. Naye ana haki ya kuulizwa."

Nilimcheka. Nikamwambia kwa mwendo huo angepiga picha za siku moja kwa mwaka mzima. Lakini nilimwona pia kwa macho yangu na mama mmoja aliyekuwa akisuka majamvi ya ukindu, aliyeigiza shangazi wa bibi harusi. Akiwa ndani ya mchezo mama yule alimwita mwenyewe, piga, piga, mpaka akawa anapanga barakoa yake. Mchezo ulipokwisha, Ami akamwonyesha picha, na yule mama akasema uso hapana, mume wangu hatapenda, lakini mikono sawa. Ami akafuta mbele yake picha zote zenye uso, asubuhi nzima ya kazi, akapiga mikono peke yake ikiwa juu ya ukindu. Wiki iliyofuata alimpelekea picha hiyo imechapishwa na kutiwa fremu. Niliambiwa iko sebuleni kwao hadi leo, na kila mgeni anayeingia huambiwa hii ni mikono ya mama.

Sasa nafika kwenye kisa kinachonihusu, na ninakisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi alinikatalia katakata. Wakati huo alikuwa mchumba wangu. Ni Mganda wa Mbale, Mwislamu, mrefu wa kuinama mlangoni, mpole kiasi cha kunikera, na kazi yake ilikuwa ulinzi katika duka moja kubwa. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa kali kuhusu picha kuliko kuhusu wizi. Muda mfupi kabla ya kisa hiki walikuwa wamemrudisha kwao mlinzi mwenzake kwa video ya mzaha tu, kijana wa watu akicheza muziki na sare mwilini. Mkataba wa mchumba wangu ulikuwa ukingoja kuongezwa mwezi huo huo. Bila mkataba hakuna viza, bila viza angepanda ndege kurudi Uganda na mimi nibaki hapa, na harusi tuliyokuwa tumeshawaambia wazazi wa pande zote mbili ingebaki maneno ya kwenye simu. Hayo tuliyajua wote wawili, na tulikuwa tunatembea kwa hadhari kama watu waliobeba mayai.

Ijumaa hiyo tulikodi basi dogo, sisi watu wa Afrika Mashariki wa Deira na Bur Dubai, tukaenda Hatta kutembea. Mchumba wangu alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, akalala njia nzima mdomo wazi, na aliyekuwa akitueleza kuhusu mkusanyiko ule alieleza mchumba wangu akiwa usingizini. Aliamka tulipofika. Nilikuwa nikimtafutia maji ya kunawa uso, na yeye akatangulia kufuata sauti za watu. Zile sauti zilikuwa za ugomvi wa mfereji. Jamaa wale siku hiyo walikuwa wameshikwa na mchezo: mkubwa wa ukoo mmoja, bwana wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa ameinua fimbo akiapa kumwaga damu kabla ya kumwachia mtu zamu yake ya maji, na wa pili alikuwa ameshika mpini wa jambia. Wanawake walipiga mayowe, nayo yalikuwa sehemu ya mchezo.

Mlinzi ni mlinzi. Mchumba wangu aliuruka mfereji kwa hatua moja akipaza sauti, "Sir! Sir! Please, hapana!" Akamkumbatia mkubwa wa ukoo kwa mbele, akamkunja mkono wenye fimbo kama walivyofundishwa kazini, na kilemba cha yule bwana kikadondoka majini. Kila mtu alinyamaza, hata punda. Halafu mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima, na simu zikainuliwa, moja baada ya nyingine, mpaka nikamwona mume wangu mtarajiwa amezungukwa na simu pande zote akiwa bado amemkumbatia mzee wa watu. Alipotambua alichokifanya alimwachia, akarudi nyuma, akabaki ameshika kichwa. "Banange," nilimsikia akilalamika kwa lugha ya kwao. "Banange, nimekwisha."

Nami niliona kwisha kwenyewe. Amemshika mwenyeji, tena mtu mzima, amemvua kilemba mbele ya mkewe na watoto. Yule bwana angeweza kwenda polisi na asingeonekana mbaya. Hata asipokwenda, video moja tu ikifika kwa bosi wa kampuni, nani angekaa kusikiliza kwamba ulikuwa mchezo wa babu? Nilitaka kupiga kelele watu washushe simu, nikajua kelele zangu zingekuwa sehemu tamu zaidi ya video.

Ami alikuwa amepiga goti ng'ambo ya mfereji. Alikuwa ameshaomba ruhusa ya kwanza ya ugomvi ule, kwa hiyo kamera ilikuwa usoni tangu mwanzo, na alikuwa amepiga. Alisimama taratibu, akakiokota kilemba majini, akakikamua, akamwendea mwenye kilemba. Mimi nikamfuata nyuma kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Alimpa kilemba kwa mikono miwili, akamwombea radhi mgeni, kisha akasema kwa Kiarabu chake cha dukani, akimwita bwana mkubwa, "Arbab, nimepiga picha. Ina watu wawili, wewe na yule bwana mrefu. Nataka muione nyinyi kabla ya mtu mwingine yeyote." Akamwita na mchumba wangu.

Niliiona picha ile begani kwa Ami, na sitaisahau. Matone ya maji yalikuwa bado hewani. Uso wa mchumba wangu ulikuwa umejaa huruma tupu, huruma ya mtu anayeokoa roho. Na mkubwa wa ukoo, shujaa wa kumwaga damu, macho yalikuwa yamemtoka pima, mdomo umeachama, amejikunyata kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Aliitazama muda mrefu. Akaisogeza karibu, akaitazama tena. Hasira iliyokuwa ikimkusanyikia usoni niliiona ikigeuka kuwa haya. "Futa," akasema kwa sauti ya chini. Ami akamgeukia mchumba wangu, "Na wewe, bwana, yuasemaje mwenye uso wa pili?" Mchumba wangu akasema, akimwita bwana kwa lugha ya kwao, "Futa, ssebo. Futa kabisa." Ami akabonyeza mbele yao wote wawili, na picha ikaondoka.

Hapo ndipo yule bwana alipoinua macho na kuziona simu zote zile, na kufahamu kwamba kila simu ilikuwa na uso wake wa woga. Alipaza sauti ambayo hakuitoa hata kwenye mchezo. "Yalla! Wote! Futeni! Ami amefuta yake, nyinyi mwangoja nini?" Watu wa kwao wakaanza, wakionyeshana, wakicheka bado lakini wakifuta, na wageni wakafuata. Alipoona wamemtii, roho yake ikatulia. Alimkalisha mchumba wangu kwenye mkeka wake, akamimina kahawa yeye mwenyewe. "Wewe kazi yako ni ulinzi?" akamuuliza. Mchumba wangu akaitikia kwa kichwa. "Babu yangu angekuajiri," akasema yule bwana, na huo ukawa mwisho wa habari ya polisi.

Ungekuwa mwisho wa yote, kama si bwana mmoja wa Nairobi, mhudumu wa mkahawa, aliyekuja nasi kwenye basi. Huyu hakufuta. Alipenya kwenye umati, akarudi kukaa kwenye basi akitazama video yake na kucheka peke yake. Kilichotuokoa mpaka hapo ni milima: mtandao wa simu pale ulikuwa wa kubahatisha, na video ilikuwa imekwama ikizunguka zunguka bila kutoka. Lakini sote tulijua basi likishafika tambarare itaondoka yenyewe. Ami alikuwa na usafiri wake, mwenye duka mmoja rafiki yake alikuwa akimngoja na gari. Alimwambia atangulie. Akapanda basi letu, akaketi kiti cha pembeni ya yule Mnairobi, na kwa muda mrefu akamuuliza habari za kazi yake, na za mama yake, na kama ni kweli mvua imeharibu barabara za kwao. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao nikisikiliza kila neno. Barabara ilikuwa inateremka.

Mwishowe akasema, "Bwana, kuna video nakuomba uifute."

"Ai, buda, hii ni comedy tu," yule bwana akajibu. "Jamaa ameshika mzee wa wenyewe ka mwizi wa Gikomba! Lazima maboyz waone. Nangoja tu netiweki."

"Najua yachekesha. Nami nilicheka moyoni. Sikuja kukulaumu, nimekuja kukuomba."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitateremka na wewe Deira, nikuage vizuri, na Ijumaa tukionana msikitini au mkahawani nitakusalimu. Simu ni yako."

"So?"

"Simu ni yako, uso si wako. Mimi mwombezi tu. Mwenye uso yuko nyuma pale, na naona haya zamfunga mdomo."

Mchumba wangu, ambaye tangu tuondoke alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti, akasimama. Akaja mbele akishika viti huku na huku, maana njia ilikuwa ya kona. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa bado cha kwao, na sijawahi kusikia Kiswahili kizuri kuliko kile. "My brother," akasema, "mimi naomba. Mimi nilifikiri watu nataka kuuana. Company nikiona hiyo, mimi narudi Uganda. Na huyu hapa," akaninyooshea kidole, "mimi nataka kuoa yeye."

Yule Mnairobi aligeuka kunitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena kwa ukaguzi ambao siku nyingine ningemjibu. "Na mrembo hivi," akasema, "ndio unaenda kumuaibisha kwa mtaro?" Watu walicheka, na cheko hilo halikutuuma. Akampa simu yake. "Futa mwenyewe, bro, ndio ulale." Mchumba wangu akabonyeza kwa kidole kimoja, akamrudishia simu kwa mikono miwili. Tulikuwa bado hatujamaliza kushukuru, simu za basi zima zikaanza kulia kwa pamoja, ujumbe juu ya ujumbe, salamu za Ijumaa na picha za harusi za watu. Mtandao ulikuwa umerudi. Niliegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele na kumshukuru Mungu, kisha nikamshukuru Ami, naye akaniambia nisimchoshe, akamgeukia jirani yake: "Sasa bwana, je, nikupige wewe? Mama yako huko kwenu aone ulivyonenepa." Akampiga pale pale dirishani, akamwonyesha, akamuuliza mara ya pili.

Mkataba uliongezwa. Tulioana Tanga kwetu msimu uliofuata, na aliyekuja kwa basi kutoka Mbale alikuwa mama mkwe wangu akiwa na kuku wawili hai. Hayo yote, na mtoto tuliye naye sasa, nayaona yakipita katika kile kidole kilichobonyeza kufuta. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mwandaaji wa mkusanyiko ule wa Hatta alikuwa amemwahidi Ami nafasi ya picha moja katika maonyesho yao ya picha ya mwaka huo, na kwamba Ami alikuwa akiitamani nafasi hiyo kwa hamu kubwa, maana alichoka kuitwa muuza mabuibui mwenye kamera. Picha ya mfereji ingetundikwa katikati ya ukuta. Aliniambia hilo kwa kawaida tu tukinywa chai, kwamba ilikuwa picha pekee aliyoipata pale ambayo ndani yake hakuna aliyekuwa akiigiza. Nikamuuliza kama hakuumia. "Niliumia sana," akasema. "Kwani kukataa kwao kungekuwa na uzito gani, kama kuipoteza picha kusingeniuma?"

Nimeyafikiri sana maneno hayo wiki hii, nikikunja mashuka. Sisi tunaofanya kazi katika nchi hizi hatukuzoea kuombwa. Tumezoea kuambiwa yalla, njoo, simama hapa. Mume wangu husimama kutwa chini ya kamera za dari, hakuna aliyewahi kumuuliza. Nawajua mabinti wa kazi za ndani ambao madam zao huwapiga picha na watoto wa nyumba kuonyesha marafiki, na mabinti hao hujiona kwenye simu za watu wasiowajua. Polepole mtu huanza kuamini kwamba uso wake ni sehemu ya sare, kwamba ukiajiriwa mwili nao uso umekwenda. Ndiyo maana Ami alipomuuliza mume wangu mbele ya mwenyeji, kwa sauti ile ile na heshima ile ile aliyomuulizia mwenyeji, alimfanyia jambo kubwa kuliko kumwokolea kazi. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo. Anasema siku hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu ashuke uwanja wa ndege wa Dubai aliposikia kwamba ana jambo la kuamua.

Lakini nisiwalaumu mabosi peke yao, kwa kuwa wiki hii waliofanya fedheha ni sisi. Ami alirudi kwao mwaka jana akiwa tayari anaumwa. Siku mbaya zilipomfika, mtu fulani aliyekwenda kumjulia hali hospitali alimpiga picha akiwa kitandani, mirija puani, macho nusu, shuka imeteleza. Picha hiyo nimeletewa na watu wasiojuana, na maneno ya dua yakiwa chini yake. Kabla hajafikishwa kaburini nilikuwa nimeona jeneza lake kwenye makundi ya simu ninayoyajua na nisiyoyajua. Najua nia zao. Kila mtu alitaka kuonyesha kwamba alikuwapo, kwamba anampenda. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka alikuwa akiishi vipi mtu huyo waliyekuwa wakimpenda.

Nilipomwambia mhariri wangu kwamba ninaandika juu yake, aliniomba picha. Ninayo, na ni nzuri. Watu wa Hatta walimvisha siku moja kanzu na kilemba na jambia wakamfanya mkaribisha wageni, akawa anamimina kahawa na kuangua kicheko, nami nikainua simu, naye akasema piga, mamangu, piga. Sikuwahi kumwonyesha mtu, wala yeye mwenyewe sikumuuliza mara ya pili. Basi nikatafuta namba ya mkewe huko Mombasa, mama ambaye sikuwahi kuonana naye, nikampa pole, nikamweleza mimi ni nani na picha ikoje, nikamuuliza kama anaridhia itoke gazetini. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," akasema. "Ile ya hospitali imefika mpaka kwa wenzake mwanangu shuleni. Nakushukuru sana, dadangu. Lakini hapana. Kwa sasa sitaki kumuona popote."

Niseme ukweli, nilikuwa nikitegemea angekubali, na jibu lake liliniuma. Nikamwambia nimeelewa. Halafu nikamuuliza kama naweza kumsomea maneno haya kabla sijayapeleka, nikamsomea yote kwa simu, kuanzia kitanda cha mgeni hadi hapa, yeye akilia na kucheka, akinisahihisha kwamba kitambi hakikuwa cha wali bali cha mahamri. Mwishoni akasema yote ni sawa, ila kuna sentensi moja kuhusu siku zake za mwisho ambayo angependa ibaki kwao nyumbani. Ilikuwa sentensi niliyoipenda kuliko zote humu. Nimeitoa.